PATOFIZIOLOJIA KWA KISWAHILI: MARUDIO YA MTIHANI WA UUGUZI

Najua wengi wenu mmezoea kupata mashairi, methali na vitendawili katika kurasa hizi, na si ajabu mtu akiliona neno refu kama hilo la hapo juu afungue ukurasa mwingine upesi. Hebu tulia kidogo. Neno lenyewe linatisha kuliko maana yake. Limetokana na Kiyunani: pathos ni mateso au ugonjwa, physis ni maumbile, na logos ni neno au elimu. Mwalimu wetu wa bayolojia hutufunza fiziolojia, yaani jinsi mwili wenye afya unavyofanya kazi. Patofiziolojia ni elimu ya jinsi kazi hiyo inavyoharibika, hatua kwa hatua, mpaka mtu anajikuta amelala wodini.

Mtauliza, mwanafunzi wa kidato cha tatu anatafuta nini huko? Dadangu mkubwa yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi, na amerudi nyumbani kujitayarisha kwa mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya. Asipofaulu hapati leseni, na bila leseni haajiriwi kama muuguzi hata cheti chake cha chuo kiwe na mihuri saba. Mama ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo yake, kwa hivyo hakuna mtu kwetu anayeuchukulia mtihani huo kwa mzaha. Nami kwa kuwa nasoma shule ya kutwa, jioni niko nyumbani. Nikisha kuteka maji, kazi yangu ni kumshikia daftari na kumwuliza maswali.

Nilimwekea sharti moja tu: ajibu kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, hilo najua. Lakini nilikuwa nimemsikiliza siku mbili tatu nikaona kwamba kwa Kiingereza anatiririka kama redio, na ukimwuliza "kwa nini?" anairudia sentensi ile ile ya kitabu. Kwa Kiswahili hana sentensi aliyoikariri. Ni sharti aelewe kwanza ndipo aseme. Siku ya kwanza alinikasirikia. "Wewe unanipotezea wakati bwana, maneno haya hayana Kiswahili!" Siku ya tatu alianza yeye mwenyewe kuyatafuta.

Haya yafuatayo ni baadhi ya tuliyoyapitia. Sikuyapanga kama kitabu kilivyoyapanga. Pale palipo na utamu nitakaa, pengine nitapita tu.

Tuanze na neno moja dogo. Sisi husema "dalili" kwa kila kitu. Wauguzi wanatenganisha mambo mawili. Kuna yale anayoyahisi mgonjwa na ambayo huwezi kuyajua mpaka akuambie, kama vile kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu. Kuna na yale unayoweza kuyaona, kuyagusa au kuyapima mwenyewe, mathalani joto, mapigo ya moyo na macho ya manjano. Tulikubaliana la kwanza liitwe dalili, na la pili liitwe ishara. Mtihani hupenda sana kuuliza tofauti hiyo, na kwa kweli ina maana: mtoto mchanga hana dalili hata moja ya kukueleza, ana ishara tu.

MIZANI YA MWILI

Kila mwanafunzi wa kidato cha pili amekutana na homeostasi, hali ya mwili kujiweka sawa ndani hata mambo ya nje yakibadilika. Joto hukaa karibu sentigredi 37. Damu huwa na pH ya kati ya 7.35 na 7.45. Sukari ya damu kabla ya kula ni kama milimoli 3.9 hadi 5.6 kwa lita. Mfano wetu ulikuwa tangi la maji lenye boya. Maji yakishuka, boya linashuka na kufungua mfereji. Yakijaa, boya linapanda na kuufunga. Mwili una maboya mengi ya namna hiyo.

Sasa hapa ndipo nilipomwuliza dadangu swali ambalo kila mtu wa kwetu Busia amejiuliza. Mbona mgonjwa wa malaria anatetemeka kwa baridi, anaomba blanketi la pili, na ukimgusa ni moto kama sufuria? Kwani mwili hauna akili?

Alifikiri, kisha akasema: boya halijavunjika, ila limeinuliwa. Vijidudu vinapoingia, kemikali fulani hupelekwa mpaka sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na pale alama ya joto hutolewa kwenye 37 ikawekwa, tuseme, kwenye 39. Tangu dakika hiyo, damu yenye joto la 37 inaonekana na ubongo kuwa ni baridi. Ndiyo maana misuli inatetemeka ili ipate kuzalisha joto, na mishipa ya ngozi inajibana ili lisipotee. Joto likifika 39 baridi inaisha. Baadaye, alama inaporudishwa chini, mwili unajiona una joto kupita kiasi, na jasho linamtoka mtu mpaka shuka inaloa. Dawa kama paresitamo hufanya kazi kwa kuishusha ile alama. Haiui kijidudu cha malaria hata kimoja, na mtu anayemeza paresitamo peke yake akidhani amejitibu malaria anajidanganya.

Mtu aliyechomwa na jua shambani mpaka akazimia ni kisa kingine kabisa. Yake alama haijapanda, ni joto lililomshinda, kwa hivyo paresitamo haimsaidii. Huyo anahitaji kuondolewa juani, kumwagiwa maji na kupepewa upesi. Hayo yote mawili sisi tunayaita "mwili moto".

SELI INAPOKOSA OKSIJENI

Magonjwa mengi, ukiyafuata mpaka mwisho, yanaishia kwenye seli iliyokosa oksijeni. Kwa hivyo dadangu anasema ukiifahamu hii moja, umepata ufunguo wa milango kumi.

Kwenye ukuta wa kila seli kuna pampu inayotoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana. Pampu hii hutumia nishati ya ATP, na ATP kwa wingi hutengenezwa kwa oksijeni. Oksijeni ikikatika, seli hujaribu kuunguza sukari bila hewa, lakini inapata ATP kidogo mno, na taka yake ni asidi ya laktiki. Pampu inalegea. Sodiamu inabaki ndani. Hapo kumbukeni osmosisi ya kidato cha kwanza: chumvi ikibaki ndani, maji yanaifuata, na seli inavimba kama maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha.

Mpaka hapo seli bado inaweza kuokolewa. Rudisha oksijeni, pampu itaamka. Ukichelewa, kalisiamu inafurika ndani, ukuta unatoboka, na vimeng'enya vya seli vinaanza kuila seli yenyewe. Hapo hakuna kurudi. Ubongo ndio mwepesi zaidi kufa. Dakika kama nne au tano bila damu zinatosha kuanza kuuharibu. Misuli ya mkono huvumilia muda mrefu zaidi.

Jambo lililonifurahisha ni hili: ukuta wa seli ukitoboka, vitu vya ndani vinavuja na kuingia katika damu. Seli za moyo zina protini iitwayo troponini. Ndiyo sababu daktari anaweza kutoa damu mkononi akajua kwamba ni moyo ulioumia. Nilikuwa nikishangaa sana watu wanapochomwa sindano mkononi ilhali wanalalamika kifua.

Kuhusu jinsi seli zinavyojibadilisha zikiwa katika taabu, nitasema kwa ufupi kwa sababu ni orodha tu ya kukariri. Seli zinaweza kunenepa, kama misuli ya moyo inayosukuma damu dhidi ya presha ya juu miaka mingi. Zinaweza kukonda, kama mguu uliotolewa plasta. Zinaweza kuongezeka idadi. Zinaweza kubadilika zikawa aina nyingine, kama zile za njia ya hewa ya mvutaji sigara, ambazo hupoteza vinyweleo vyake vya kufagia uchafu. Na zinaweza kuanza kuota ovyo bila mpangilio, na hiyo ndiyo hatua inayotafutwa akina mama wanapopimwa mlango wa kizazi, ili ikamatwe kabla haijawa saratani.

UVIMBE WA AINA TATU

Hapa Kiswahili chetu kilitupiga chenga. Kitabu cha dadangu kina maneno matatu tofauti kabisa, na sisi yote tunayaita "uvimbe". Mgonjwa akisema "nina uvimbe", muuguzi hajui ameambiwa nini. Tulibishana jioni nzima, mama akitusikiliza kutoka jikoni, na mwishowe yeye ndiye aliyetupa majina: uvimbe wa moto, uvimbe wa maji, na uvimbe wa nyama. Nayaleta hapa ili chama chetu kiyajadili.

Uvimbe wa moto ndio uletwao na jeraha au vijidudu. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika ishara zake nne: wekundu, joto, kuvimba na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Yote matano yanatoka mahali pamoja. Ukichomwa na mwiba, seli zilizoumia hutoa kemikali kama histamini. Mishipa midogo ya damu inapanuka, na damu inajaa hapo: hiyo ndiyo sababu ya wekundu na joto. Kuta za kapilari zinafungua nyufa, maji na protini zinatoka: hiyo ndiyo sababu ya kuvimba. Kemikali hizo na mkazo wa uvimbe husumbua neva: maumivu. Chembe nyeupe za damu hupita kwenye nyufa hizo kwenda kumeza vijidudu, nazo zikifa kwa wingi ndizo usaha.

Nina neno moja juu ya huo "wekundu". Celsus aliwatazama Warumi. Dadangu, tangu aanze mafunzo wodini, anasema kwenye ngozi nyeusi kama yetu usikae ukingoja wekundu, maana huenda usiuone. Ngozi hung'aa, hukazika, au huwa nyeusi zaidi kuliko pande nyingine. Tumia mgongo wa mkono wako upime joto, ulinganishe na upande wa pili. Katika mtihani andika wekundu, wodini tumia mkono.

Uvimbe wa maji ni ule wa miguu kujaa, ambao ukiubonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Kuuelewa, waza kapilari kama mpira wa kunyunyizia wenye matundu madogo sana. Kuna nguvu mbili zinazoshindana. Presha ya damu inasukuma maji nje. Protini ya damu, hasa albumini inayotengenezwa na ini, inayavuta maji yarudi ndani. Kile kidogo kinachobaki nje huzolewa na mishipa ya limfu na kurudishwa kwenye damu. Mwingereza Ernest Starling ndiye aliyeeleza ushindani huu mwaka wa 1896.

Ukishaifahamu picha hiyo, huna haja ya kukariri magonjwa. Moyo ukishindwa kusukuma, damu inarundikana nyuma yake, presha katika kapilari inapanda, miguu inajaa jioni. Ini likiharibika halitengenezi albumini ya kutosha. Figo zikivuja, albumini inapotea kwenye mkojo na macho yanavimba asubuhi. Mishipa ya limfu ikizibwa na minyoo inayoletwa na mbu, maji hayazolewi, na hayo ndiyo matende na mabusha ya ndugu zetu wa Pwani. Na kapilari zikifungua nyufa, ni ule uvimbe wa moto tuliokwisha kuuona. Mtoto mwenye kwashakoo pia huvimba. Vitabu vingi vinasema ni kwa ajili ya albumini kuwa chache, ingawa wataalamu wa siku hizi wanasema hiyo peke yake haitoshi kueleza kila kitu.

Uvimbe wa nyama ni seli zinazozaana bila kusikia amri ya kuacha. Usioenea huitwa uvimbe mpole. Unaoenea na kuvamia viungo vingine ni saratani. Huu mara nyingi hauna joto wala maumivu hapo mwanzoni. Akina mama wengi huupuuza kwa sababu hiyo hiyo, ati "hauniumi".

MSHTUKO, NA MTEGO WA PRESHA

Katika marudio yote hakuna mahali tulikaa kama hapa, na dadangu anasema hakuna swali linalowaangusha watu kama hili.

Kwanza neno. Mtu akipokea habari za msiba akaanguka, tunasema amepata mshtuko. Wodini mshtuko ni kitu kingine: damu haifiki kwenye viungo kwa kiasi cha kuvipa oksijeni ya kutosha. Rudini kwenye seli yetu yenye pampu. Sasa waza seli zote za mwili zikikosa oksijeni kwa pamoja. Huo ndio mshtuko.

Unaletwa na nini? Waza mradi wa maji wa kijiji. Maji yatakosekana nyumbani kwa sababu nne. Maji yenyewe kwisha: mtu ametoka damu au ameharisha sana. Pampu kuharibika: moyo umeshindwa. Mabomba kupanuka ghafla mpaka maji yaliyopo hayatoshi kuyajaza: vijidudu vimeenea katika damu, au mtu aliyeumwa na nyuki mwili wake umepinga sumu yao kwa fujo. Mwisho, kitu kuziba njia: bonge la damu limekwama kwenye mshipa mkubwa wa mapafu. Ukijua ni lipi kati ya hayo manne, unajua la kufanya. Aliyepoteza maji umrudishie maji. Wa nyuki adungwe adrenalini kwenye msuli wa paja, tena upesi. Lakini huyo ambaye pampu yake ni mbovu, ukimwaga dripu lita kwa lita, utamzamisha mapafu.

Sasa mtego. Dadangu alinisomea swali: mama amejifungua saa moja iliyopita. Presha yake ni 110 kwa 70. Mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika. Mikono yake ni baridi na yenye jasho. Hatulii, anaomba maji ya kunywa. Je, hali yake ikoje?

Mtu anayetazama presha peke yake atasema, "Presha iko sawa," amfunike shuka aende kwa mgonjwa mwingine. Na huyo mama anatoka damu.

Mambo yanakwenda hivi. Damu inapoanza kupungua, vipimio vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua vinahisi mara moja. Boya limeshuka. Ubongo unaamuru moyo uende mbio, na adrenalini inamwagwa. Mishipa ya ngozi na ya tumbo inabanwa ili damu iliyobaki ipewe ubongo na moyo. Kwa hiyo mikono inakuwa baridi. Figo zinazuia maji, mkojo unapungua, kiu inakuja. Kwa mbinu hizo zote presha inashikiliwa isianguke. Yaani ile presha nzuri imenunuliwa kwa bei ghali. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5, na anaweza kupoteza zaidi ya nusu lita, hata kukaribia lita moja na nusu, kabla presha haijaporomoka. Mama mjamzito damu yake imeongezeka karibu nusu nzima kufikia mwisho wa mimba, kwa hivyo yeye anaweza kuficha upotevu huo kwa muda mrefu zaidi, kisha akaanguka ghafla. Vitabu vinamhesabu aliyejifungua kwa njia ya kawaida kuwa anatoka damu kupita kiasi akifikisha mililita 500, na sababu iliyo kubwa kuliko zote ni mji wa mimba kukataa kujikaza.

Kwa hiyo utaratibu wa ishara ni huu, na dadangu ameuandika kwa kalamu nyekundu akaubandika ukutani: mapigo hupanda kwanza, mikono hupoa, mkojo hupungua, akili huanza kuchanganyikiwa, na presha hushuka mwishoni. Presha ikishashuka, mbinu za mwili zimekwisha.

Nilimwuliza, "Dada, huyo mama ukimkuta utafanya nini?" Alinitajia bila kutua: kuita msaada, kusugua tumbo ili mji wa mimba ujikaze, kutoa oksitosini, kuweka dripu mbili za sindano kubwa, kupima mkojo, kuangalia kama kondo la nyuma limetoka lote. Kisha akanyamaza. Mama yetu naye alikuwa ameacha kukoroga ugali. Dada yake mdogo, yaani shangazi wa pili tungemwita kama si kwamba kwetu mamake mdogo ni mama, alifariki akijifungua kabla sisi hatujazaliwa. Hatukuendelea na maswali jioni hiyo.

Jambo moja zaidi la kuangaliwa. Katika mshtuko wa vijidudu, mwanzoni mgonjwa anaweza kuwa na mikono yenye joto, kwa kuwa mishipa yake imepanuka badala ya kubanwa. Asiyejua atatafuta mikono baridi, aikose, aseme si mshtuko.

MAJI, CHUMVI NA SUKARI

Hii ni fupi, lakini kila nyumba inaihusu. Mtoto akiharisha hafi kwa sababu ya uchafu unaomtoka. Anakufa kwa maji na chumvi vinavyomtoka, kwa njia ile ile ya mshtuko wa kwanza tuliouona. Je, mbona hatumpi maji matupu yakatosha? Kwa sababu utumbo hauna pampu ya maji. Maji hufuata chumvi. Katika ukuta wa utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Hata kwenye kipindupindu, ambapo sumu imefungulia maji yatoke ovyo, mlango huo haujavunjika. Ndiyo siri ya ule unga wa pakiti, ORS. Tangu mwaka wa 2002 Shirika la Afya Duniani hupendekeza wenye chumvi na sukari iliyopunguzwa kidogo: kwa lita moja, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, na vitu vingine viwili.

Basi pakiti ya lita moja ichanganywe kwa lita moja kamili. Ukiikoroga kwa nusu lita ukidhani unamwongezea mtoto nguvu, umeweka chumvi na sukari nyingi ndani ya utumbo, na osmosisi itayavuta maji kutoka kwa mtoto. Soda nayo ina sukari nyingi kuliko inavyotakiwa na chumvi haimo, kwa hivyo huharibu vile vile.

Kisukari tulikipita mbio kwa sababu ni osmosisi hiyo hiyo ikifanya kazi kwenye figo. Sukari ikizidi katika damu, kama milimoli 10 kwa lita hivi, inaanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji nyuma yake. Hivyo mtu anakojoa sana, hivyo ana kiu, na kwa kuwa seli zake hazipati sukari hiyo bila insulini, ana njaa na bado anakonda.

SELIMUNDU

Nimeiweka hii mwisho kwa kuwa ndiyo ninayoipenda. Aliyelitunga jina hili apewe zawadi: seli, na mundu ule wa kukatia nyasi. Ukilisikia tu umeiona seli yenyewe ilivyopinda.

Chanzo chake ni kidogo mno. Katika protini ya himoglobini, asidi amino moja imebadilishwa na nyingine. Basi. Lakini seli yenye himoglobini hiyo ikiachia oksijeni, protini zake zinashikamana kama vijiti na kuipinda seli. Seli zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, na mbele ya pale zilipokwama, tishu inakosa oksijeni. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapotoka. Tena hazidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi kama siku 120. Hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, mtoto akabaki bila damu na macho yakawa ya manjano. Baridi, kukosa maji mwilini na homa huchochea seli zipinde. Kwa hiyo muuguzi anapomhimiza mgonjwa wa selimundu anywe maji mengi na avae sweta, hamwambii maneno ya adabu tu, anazuia seli zisipinde.

Na mbona ugonjwa huu umejaa kwetu magharibi mwa Kenya na kule Pwani, halafu ni haba katika nyanda za juu zenye baridi? Swali hilo lilimsumbua Anthony Allison, aliyekulia hapa hapa Kenya, alipopima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka wa 1949. Mwaka wa 1954 alitoa jibu: mtu aliyerithi jini hilo kwa mzazi mmoja tu hana ugonjwa, na amekingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Penye mbu wengi, jini hilo lilibaki. Nimesoma bayolojia miaka mitatu na hakuna hadithi iliyonishika kama hiyo. Darasani kwetu kuna mwenzetu ambaye hukosa shule siku za baridi, na kuna waliokuwa wakisema ni mvivu. Wasome tena aya iliyotangulia.

MASWALI YA KUJIPIMA

Haya ni matatu kati ya yale ninayomwuliza dadangu. Jibu kwa Kiswahili, na kila jibu liwe na "kwa sababu".

1. Mgonjwa wa moyo anasema usiku hawezi kulala bila mito mitatu, akilala chali anakosa pumzi. Maji ya miguuni mchana yanakwenda wapi usiku?

2. Kijana ameumwa na nyuki wengi. Uso umevimba, presha imeshuka, lakini hajatoka hata tone la damu. Damu yake imekwenda wapi?

3. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini anahema kwa nguvu na kwa kina, ilhali mapafu yake ni mazima. Anajaribu kutoa nini mwilini?

La tatu dadangu alilijibu kwa maneno mawili tu, "ni asidi," halafu akaeleza kwa robo saa. Majibu kamili ninayo kwenye daftari, na atakayeyataka anione mkutano wa chama siku ya Ijumaa.